Hofu za abiria wa ndege: Kinachotisha angani sicho kinachoua

KILA inapotokea ajali ya ndege, maswali yale yale huibuka upya vijiweni, maofisini na kwenye madirisha ya kukatia tiketi. Je, injini ikizimika ndege itaanguka kama jiwe? Mtikisiko wa hewa unaweza kuvunja bawa? Kiti kipi kina usalama zaidi? Na je, si afadhali mtu apande basi, achelewe njiani lakini afike?

Maswali hayo yalisikika kote Tanzania Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia katika Ziwa Victoria mjini Bukoba. Yalisikika tena Desemba 2024, watu 179 walipofariki katika uwanja wa Muan, Korea Kusini. Juni 2025 yakarudi kwa kishindo, pale ndege ya Air India ilipoanguka Ahmedabad muda mfupi baada ya kuruka na kuua watu 241 kati ya 242 waliokuwamo, mbali ya wale waliokutwa na mauti ardhini.

Ni maswali ya haki, na anayeyauliza hastahili kuchekwa. Hata hivyo, kumbukumbu za ajali za miaka ya karibuni, zikiwamo zilizowagusa wakazi wa Afrika Mashariki, zinaonyesha kuwa yale yanayomtia abiria hofu akiwa angani ni nadra kuwa ndiyo yanayomuua. Mara nyingi kinachoua ni mambo ya kawaida yasiyoonekana kutoka dirishani: matengenezo yaliyolipuliwa, rubani asiyeulizwa swali na msaidizi wake, mkanda usiofungwa, koti la kuokolea maisha lililojazwa hewa kabla ya wakati wake, na huduma ya uokoaji inayofika ikiwa imechelewa.

Takwimu zinasemaje

Kwa mujibu wa Chama cha Kimataifa cha Mashirika ya Ndege (IATA), mwaka 2024 ndege za abiria na mizigo zilifanya safari milioni 40.6 duniani. Katika safari hizo, ajali saba ndizo zilizosababisha vifo, na watu 244 waliokuwamo ndani ya ndege walipoteza maisha. Mwaka 2023 idadi ya vifo ilikuwa 72, vyote katika ajali moja iliyotokea Nepal.

Kwa upande wa barabara, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka. Kwa hiyo, anayeiacha ndege kwa kuiogopa na kwenda kupanda basi la usiku, kwa hesabu tupu, anaikimbia hatari ndogo na kuikumbatia kubwa.

Lakini hesabu peke yake haimtulizi mtu mwenye hofu, na sababu yake inaeleweka. Ndani ya basi abiria anaiona barabara, anaweza kupaza sauti kumtaka dereva apunguze mwendo, na hata kuteremka kituo kinachofuata. Ndani ya ndege hana wa kumwambia wala pa kuteremkia. Aidha, ajali ya basi hutangazwa siku moja ikasahauliwa, ilhali ajali ya ndege huonyeshwa kwenye televisheni kwa wiki nzima.

Zaidi ya hayo, wastani wa dunia unaficha tofauti kubwa. IATA inaeleza kuwa mwaka 2024 dunia ilikuwa na ajali 1.13 kwa kila safari milioni moja, wakati Afrika ilikuwa na ajali 10.59, kiwango cha juu kuliko kanda zote, ingawa chama hicho hakikuandikisha kifo cha aliyekuwamo ndani ya ndege katika ajali hizo za Afrika. Abiria wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kuuliza tofauti hiyo inatoka wapi, na jibu lake haliko mawinguni.

Mtikisiko, radi na injini

Hofu ya kwanza ya wengi ni mtikisiko. Hewa ina mikondo na mawimbi kama bahari, na ndege ipitayo humo hutikisika kama jahazi linapoukata mkondo. Kabla aina yoyote ya ndege kubwa haijaruhusiwa kubeba abiria, ni lazima ithibitishwe kuwa mbawa zake zinaweza kuhimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa katika safari. Bawa linalopinda na kuchezacheza halielekei kuvunjika, kwani limeundwa lipinde.

Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na mtikisiko mkali ikiwa juu ya Myanmar. Abiria mmoja alifariki na makumi ya wengine walijeruhiwa. Ndege yenyewe haikuvunjika, na ilitua Bangkok. Katika matukio ya namna hiyo, wanaoumia zaidi ni wale ambao hawakufunga mikanda, pamoja na wahudumu ambao kazi yao huwalazimu kusimama. Tofauti kati ya kushtuka na kuvunjika shingo huwa ni mkanda, na mkanda huo uko mikononi mwa abiria mwenyewe.

Kuhusu radi, ndege ya abiria hupigwa kwa wastani mara moja kwa mwaka, na mara nyingi abiria huona mwanga na kusikia mshindo tu. Umeme hupita juu ya ganda la nje na kutoka upande wa pili. Hali haikuwa hivyo siku zote. Desemba 1963, ndege ya Pan American iliungua baada ya kupigwa radi katika jimbo la Maryland, Marekani, na watu wote 81 waliokuwamo walifariki. Tukio hilo lilisababisha kubuniwa kwa kinga mpya za matangi ya mafuta.

Ama injini, kabla ya kila safari marubani hukokotoa mwendo ambao, ndege ikishaufikia njiani, inaweza kupaa hata kama injini moja itazimika. Ndege za injini mbili zinazovuka bahari huruhusiwa kufanya hivyo baada ya kuthibitishwa kuwa zinaweza kuruka kwa saa kadhaa zikitumia injini moja. Na hata zote mbili zikizimika, ndege haianguki kama jiwe, bali huteremka polepole kama tai aliyetandaza mbawa.

Agosti 2001, ndege ya Air Transat ya Canada iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki ikiwa na watu 306. Ilielea bila injini kwa takriban dakika 19 na umbali wa kilomita zipatazo 120, ikatua katika visiwa vya Azores, na hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulibaini kuwa mafuta yalivuja kwa sababu mafundi walipobadilisha injini walifunga kifaa kisichooana na vingine, kikasuguana na bomba la mafuta hadi likapasuka. Abiria wa ndege hiyo waliiogopa bahari iliyokuwa chini yao, lakini chanzo cha masaibu yao kilikuwa katika karakana, siku chache nyuma.

Ndege mpya na ndege kuukuu

Swali jingine linaloulizwa sana ni umri wa ndege. Abiria akiona kiti kilichochakaa au ndege ndogo ya pangaboi, moyo humwenda mbio. Akiona ndege inayong'aa hutulia. Historia ya eneo hili inatoa onyo kuhusu utulivu huo.

Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilianguka katika kinamasi cha mikoko muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Cameroon, na kuua watu wote 114. Ndege hiyo ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja kazini. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kuwa iliruka usiku katika hali mbaya ya hewa, ikaanza kulalia upande wa kulia taratibu bila marubani kutambua, na walipotambua rubani alichanganyikiwa asijue ndege imeelekea wapi. Ripoti hiyo iligusia pia udhaifu wa ushirikiano kati ya rubani mkuu na msaidizi wake.

Ndiyo maana mafunzo ya marubani siku hizi yanasisitiza kuwa msaidizi hana budi kusema anapoona kosa, hata kama aliye mbele yake ni mkubwa wake kwa umri na cheo. Katika jamii zinazomfundisha kijana kutompinga mkubwa hadharani, somo hilo ni gumu, lakini ndani ya chumba cha marubani heshima ya kunyamaza inaweza kugharimu maisha ya watu mia moja.

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8, iliyokuwa na umri wa miezi minne tu, ilianguka dakika sita baada ya kuruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Watu wote 157 walifariki, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Ilibainika kuwa katika ajali zote mbili programu ya kompyuta, ikitegemea taarifa ya kifaa kimoja tu, ilikuwa ikiisukuma pua ya ndege kwenda chini, na kwamba marubani hawakuwa wameelezwa ipasavyo kuhusu mfumo huo.

Ndege za MAX zilizuiwa kuruka duniani kote, na mamlaka ya Marekani haikuziruhusu tena hadi Novemba 2020, baada ya mfumo huo kurekebishwa. Kosa halikuwa la uchakavu. Lilianzia kwenye meza ya wabunifu, likapita mbele ya wakaguzi waliotakiwa kulizuia.

Mlango na kiti

Wapo wanaohofia kuwa abiria aliyerukwa na akili anaweza kufungua mlango angani. Ndege ikiwa juu kabisa, shinikizo la hewa ya ndani huubana mlango kwa nguvu isiyoweza kushindwa na misuli ya binadamu. Hatari hiyo huwapo karibu na ardhi, shinikizo linapopungua. Mei 2023, abiria mmoja alifungua mlango wa ndege ya Asiana nchini Korea Kusini ilipokuwa inakaribia kutua. Ndege ilitua salama.

Tofauti na hilo ni tukio la Januari 2024, pale kipande cha ukuta kilichoziba nafasi ya mlango kilipochomoka kutoka ndege ya Alaska Airlines ikiwa angani. Hakuna aliyefariki. Wachunguzi wa Marekani walibaini kuwa boliti nne za kukishikilia kipande hicho hazikuwa zimerudishwa baada ya kazi iliyofanyika kiwandani. Hapo tena, aliyestahili kuogopwa hakuwa abiria mwenzio bali kazi isiyokaguliwa.

Kuhusu kiti, hakuna jibu la moja kwa moja. Mjini Muan, wawili pekee walionusurika walikuwa wahudumu waliokaa mkiani. Ahmedabad, aliyenusurika peke yake alikaa sehemu ya mbele, kando ya mlango wa dharura. Kinachosaidia zaidi ni kujua njia ya kutokea. Ushauri unaotolewa mara kwa mara na wataalamu ni kuhesabu safu za viti kati yako na mlango ulio karibu, mbele na nyuma, ili uweze kuufikia kwa kupapasa moshi ukijaa.

Funzo la Bukoba na Ngazija

Watu wengi huamini kuwa ajali ya ndege ni kifo cha hakika. Ajali ya Bukoba inathibitisha kuwa sivyo, na inaonyesha wapi roho za watu hupotelea.

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliingia ziwani, jirani kabisa na uwanja, wakati ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 24 waliokolewa na 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Sehemu ya mbele ilizama, mkia ukabaki umechomoza majini. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na baadaye wananchi na waokoaji wakaonekana wakiivuta ndege kwa kamba.

Taifa liliwapongeza wavuvi hao, na walistahili. Hata hivyo, pongezi hizo zilibeba swali zito: kwa nini, katika uwanja ambao ndege hutua na kuruka juu ya ziwa, tegemeo la kwanza la abiria liwe mtu aliyekuwa akitafuta samaki?

Kanuni za kimataifa hazikulisahau suala hilo. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kinataka viwanja vilivyo karibu na maji, ambako ndege huruka na kutua juu ya maji hayo, viwe na mipango na vifaa maalumu vya uokoaji. Kinataka pia vikosi vya zimamoto viwe na uwezo wa kufika kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Bukoba, Mwanza, Kisumu na Entebbe vyote viko ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwa viwanja vya namna hiyo, boti yenye mafuta na wazamiaji walio tayari ni vya lazima kama taa za njia ya kurukia.

Funzo la pili lilikwisha kutolewa miaka mingi kabla. Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazija, visiwani Komoro. Kati ya watu 175, waliokufa walikuwa 125. Ilielezwa kuwa baadhi yao walijaza hewa makoti yao ya kuokolea maisha wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, makoti hayo yaliwanyanyua hadi darini yakawazuia kupiga mbizi kuufikia mlango. Maneno ya mhudumu kwamba koti lijazwe hewa baada ya kutoka nje, ambayo abiria wengi huyasikia wakiperuzi simu, yalikuwa mpaka kati ya uhai na mauti.

Mfano wa kinyume ulionekana Januari 2, 2024 katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Ndege ya Japan Airlines yenye watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ndogo walifariki, lakini wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai kabla haijateketea. Kilichosifiwa zaidi ni kwamba abiria walitii amri na kuacha mizigo yao. Kwa mujibu wa kanuni, ndege lazima ithibitishwe kuwa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango. Hesabu hiyo haikumjumuisha mtu anayehangaika kushusha begi.

Nani anamkagua mkaguzi

Abiria anaweza kufunga mkanda na kuhesabu safu za viti, lakini hawezi kukagua boliti wala leseni ya rubani. Kazi hiyo ameiachia mamlaka ya nchi yake, na hapo ndipo swali kubwa kuliko yote linapoangukia.

Desemba 2024, Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Juni 2025 uliongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, kwa maelezo ya kasoro katika usimamizi wa usalama unaofanywa na mamlaka ya nchi. Mashirika ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yaliwekwa katika orodha hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 2006.

Hatua kama hizo huumiza fahari ya taifa, na wapo wanaoziona kama ubabe wa wakubwa. Lakini ikumbukwe kuwa zuio la Ulaya halimlindi abiria wa Dar es Salaam anayekwenda Kigoma au Songea, kwa kuwa yeye hapiti anga ya Ulaya. Anayehitaji zaidi kujua kama kuna wakaguzi wa kutosha, wenye ujuzi na wasioogopa kuizuia ndege isiruke, ni huyo huyo mwananchi wa kawaida.

Kenya inaonyesha kuwa kasoro za namna hiyo hurekebishika. Februari 2017, baada ya miaka ya maandalizi, mamlaka ya Marekani iliipa nchi hiyo daraja la kwanza la usalama wa anga, na Oktoba 2018 ndege ya kwanza ya Kenya Airways ikaruka moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York. Daraja hilo lilipatikana kwa sheria, mafunzo na ukaguzi, kazi ambayo haina mbwembwe.

Abiria na wajibu wake

Kwa abiria, mambo ya kukumbuka ni machache. Mkanda ufungwe muda wote awapo kitini, hata taa yake ikizimwa. Viatu visivuliwe wakati wa kuruka na kutua, vipindi ambavyo ajali nyingi hutokea. Kinyago cha oksijeni mtu avae mwenyewe kwanza ndipo amvike mtoto, kwa kuwa katika kimo kikubwa fahamu hupotea ndani ya muda usiozidi dakika moja hivi. Koti la kuokolea lijazwe hewa mlangoni, na begi liachwe.

Kwa mamlaka, wajibu ni mzito zaidi: kuchapisha ripoti za uchunguzi kwa ukamilifu na kwa wakati, kuwapa wakaguzi uhuru wa kusema hapana, na kuhakikisha kuwa kila uwanja ulio kando ya maji una boti na wazamiaji.

Abiria anayeshika mkono wa kiti ndege inapotikisika juu ya wingu hana kosa. Lakini kama hofu hiyo ingehamishwa kutoka kwenye wingu na kuelekezwa kwenye karakana, ofisi ya ukaguzi na gati la boti ya uokoaji, pengine safari ijayo ya Bukoba ingekuwa salama zaidi.